Sarafu 43 za Babu: Nizipeleke Kampuni Gani Zipimwe Gredi?

Shikamoo Mzee,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Naishi Umoja lakini kwetu ni Pumwani. Babu mzaa mama alifanya kazi Reli tangu enzi za mkoloni hadi alipostaafu, na alipofariki aliacha kopo la majani ya chai limejaa sarafu. Kopo lilikaa chini ya kitanda cha mama miaka mingi. Mwaka jana mama alinikabidhi akasema, "Wewe ndiye uliyesoma, hebu tafuta maana yake."

Nimezihesabu, ziko 43. Kongwe zaidi ni rupia ya madini ya fedha ya 1888 iliyoandikwa Mombasa na jina la kampuni ya Imperial British East Africa. Kuna rupia moja ya Wajerumani ya 1906, florini tatu za 1920, na shilingi 12 zenye simba, za tangu 1921 hadi 1952. Senti zenye tundu katikati ziko 24, na tano kati yake ni senti 10 za mwaka 1936. Mwisho kuna shilingi tano ya Kenyatta ya 1973, ile ya pembe tisa, na shilingi 40 ya Kibaki.

Tatizo limeanzia kwa mjomba. Aliona video kwenye simu ya mtu anayedai sarafu moja kuukuu inauzwa mamilioni, na tangu siku hiyo halali. Kijana mmoja mwenye ofisi ghorofani mjini amemwambia kwamba hakuna sarafu inayouzika siku hizi bila kupimwa gredi. Anatoza shilingi 7,500 kwa kila sarafu. Anaifunga ndani ya kasha la plastiki lenye lebo, anaandika cheti cha kampuni yake mwenyewe, kisha anakutafutia mnunuzi au anainunua yeye. Kwa sarafu zote hesabu ni shilingi 322,500. Mjomba anataka kuchukua mkopo wa Sacco na tayari ameanza kutafuta wadhamini.

Shemeji yangu aliye Dallas anasema tuachane na huyo, tuzipeleke Marekani. Amenitajia kampuni nne za kupima gredi za huko, PCGS, NGC, ANACS na ICG, na ushauri wake ni tuchague iliyo rahisi kwa sababu plastiki ni plastiki. Kuna pia Mjerumani mmoja mkusanyaji niliyewasiliana naye. Anazitaka rupia zote mbili, lakini ameshikilia kwamba lazima ziwe ndani ya kasha la NGC au PCGS. Mama naye anasema kizuri chajiuza, nizirudishe koponi tulale.

Jambo la mwisho linaniuma. Ile rupia ya Wajerumani ilikuwa nyeusi. Tulimpelekea sonara mmoja atuambie tu kama ni fedha, naye akaisugua kwa dawa yake bila kuuliza. Sasa inang'aa mpaka ukiitazama juani inaumiza macho. Mjomba amefurahi na anataka nyingine zote zisuguliwe vivyo hivyo kabla hazijapimwa. Nimemzuia kwa shida.

Nichague kampuni gani? Nizipime zote? Na mjomba nimwambieje? Nimekutumia picha za kila sarafu, pande zote mbili.

Mjukuu wa Mzee wa Reli, Pumwani

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya jambo lolote, mwambie mjomba asiweke sahihi kwenye fomu ya mkopo. Nimezipitia picha zako zote. Katika kopo hilo sarafu ya kufikiriwa kupimwa ni moja, na hata hiyo ina kikwazo ambacho si kijana wa ghorofani, si shemeji, si Mjerumani aliyekutajia. Nitafika huko.

Hizi kampuni zinafanya nini hasa? Watu wengi hudhani zinatoa bei. Zinachotoa ni maoni ya mambo mawili: kwamba sarafu ni halisi, na kwamba hali yake iko kiwango fulani. Kiwango hicho hutajwa kwa namba kuanzia 1 hadi 70, kwa mfumo ambao Mmarekani William Sheldon aliutoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za zamani za kwao, na baadaye ukatumiwa kwa sarafu za kila nchi. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haijawahi kutumika sokoni. 50 na ushei imeguswa kidogo sana. Ya 40 bado ina sura nzuri ingawa imetembea. Ukishuka 20 na chini unaona michoro imelala. Wakishakubaliana gredi, sarafu hufungwa ndani ya kasha gumu ambalo huwezi kulifungua bila kulivunja, na lebo yake hupewa namba.

Kwa nini mtu aliye Munich au Hong Kong aamini maoni hayo? Mama yako anasema kizuri chajiuza, na zamani ilikuwa hivyo, mnunuzi alipoishika sarafu mkononi na kuigeuzageuza. Leo ananunua picha. Picha inaweza kuficha mikwaruzo, inaweza kupakwa mwanga, inaweza kuwa ya sarafu nyingine kabisa. Basi anataka mtu wa tatu ambaye hana faida yoyote sarafu ikiwa nzuri au mbaya. Huo ndio msingi wa kazi yenyewe, na ndio kipimo cha kwanza cha kuchagulia kampuni: mpimaji asiwe mnunuzi wala muuzaji. Kampuni kubwa huwapitishia sarafu moja wapimaji zaidi ya mmoja, na wapimaji hao hawajui ni ya nani. Pia huweka dhamana: ikibainika kwamba walichopitisha ni bandia, au gredi waliyoipa ilizidi, hulipa fidia kwa masharti yao.

Sasa mlinganishe kijana wa ghorofani na kipimo hicho. Anapima, anatoza, anatafuta mnunuzi na ananunua mwenyewe. Akikupa gredi ya chini, atainunua kwake kwa bei poa. Akikupa ya juu, umefurahi na amekula 7,500 zako. Cheti chake kina thamani mahali pamoja tu, yaani ofisini kwake. Mjerumani wako hajawahi kuisikia kampuni hiyo na hatajali ina muhuri unaometameta namna gani. Sisemi ni tapeli, kwa kuwa simjui. Nasema biashara yake imepangwa vibaya kwako hata akiwa mcha Mungu.

Shemeji naye anasema plastiki ni plastiki. Hapo sikubaliani naye, ingawa majina aliyotaja yote ni ya kampuni za kweli. ANACS ndiyo kongwe, ilianzishwa 1972 ndani ya chama cha wakusanya sarafu wa Marekani. PCGS ilianza kazi 1986 huko California. NGC ilifuata 1987 na makao yake ni Sarasota, Florida. ICG ni ya 1998. ANACS na ICG zinafanya kazi yao kwa uaminifu, na ada zao huwa nafuu kidogo. Mmarekani mwenye sarafu ya kwao ya bei ya kawaida hakosei akizitumia. Lakini wewe unauza rupia ya Mombasa kwa mtu wa Ulaya, na soko la kimataifa kwa sarafu za namna hiyo limezoea majina mawili. Sarafu ileile, gredi ileile, ndani ya kasha la jina la tatu, mara nyingi mnunuzi hushusha bei au hutaka ipimwe upya. Ukiokoa dola kumi kwenye ada, utazipoteza mara kadhaa kwenye mauzo.

Kati ya NGC na PCGS, usipoteze usingizi. Zote zinapima sarafu za dunia nzima. Zote zina daftari la wazi kwenye tovuti zao linaloonyesha wamepima ngapi za aina fulani na kwa gredi gani, na huhitaji kulipa ili kulisoma. PCGS ina kituo Paris, na baadhi ya makasha yake yana chipu ambayo ukiisogezea simu inakuonyesha kumbukumbu ya sarafu. NGC ina ofisi London na Munich. Mimi ningekwenda NGC, kwa sababu ina ofisi Munich na mnunuzi wako ni Mjerumani. Ila swali zuri zaidi ni la kumuuliza yeye: wakusanyaji wenzake wanaweka sarafu zao kwenye makasha ya nani? Wakusanyaji wengi hupenda kabati lao lifanane. Akijibu PCGS, nenda PCGS. Kampuni unaichagua kwa kumtazama atakayenunua, si kwa kubishana nani bora.

Jihadhari pia na kitu kimoja. Makasha ya NGC na PCGS yanaghushiwa. Ukionyeshwa sarafu iliyofungwa tayari, hapo Moi Avenue au kwenye simu, ingiza namba ya lebo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kisha linganisha picha na unachokiona: mkwaruzo kwa mkwaruzo, doa kwa doa. Namba kuwepo peke yake haitoshi kwa sababu waghushi hunakili namba za kweli.

Tuje kwenye kopo lenyewe.

Zile senti za 1936 najua ndizo zimemtia mjomba wazimu. Zina jina la Edward wa Nane, mfalme aliyeachia kiti Desemba mwaka uleule kabla hajatawazwa. Uingereza kwenyewe hazikutolewa sarafu zake za kutumika, kwa hiyo kisa chake kinavuma. Lakini huku Afrika Mashariki senti zenye tundu hazina sura ya mfalme, zina jina tu, hivyo zilikuwa zimeshatengenezwa na kusafirishwa kwa mamilioni. Ndururu na senti 10 za mwaka ule ziko kila mahali: Gikomba, Mombasa, Kampala, Arusha. Ni sarafu yenye hadithi nzuri na bei ndogo. Waonyeshe wanafunzi wako, watasikiliza kuliko somo zima la Mfalme George.

Senti nyingine 19 ni hivyo hivyo. Kuipima senti ya namna hiyo kwa 7,500 ni kumjengea kuku wa mia tano banda la elfu kumi.

Shilingi za simba zinahitaji neno zaidi. Zilizotengenezwa tangu 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu. Sarafu ina uzito wa gramu 7.78, kwa hiyo fedha halisi ndani yake haifiki gramu mbili. Kuanzia 1948 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Mtu akikuambia atazinunua kwa uzito wa fedha, sasa unajua cha kumjibu. Shilingi ya miaka ya ishirini ikiwa haijatumika kabisa, na manyoya ya simba yote yanaonekana, huwa na wateja. Zako zimefanya kazi. Simba wa ile ya 1922 amebaki kivuli.

Florini za 1920 nazipenda kuliko thamani yake. Mwaka ule rupia iliondolewa na florini ikaletwa, lakini haikudumu, mwaka uliofuata shilingi ikatangazwa. Sarafu yenye maisha mafupi hivyo katika nchi yetu sijui nyingine. Ina fedha nusu, gramu 11.66 kwa jumla. Tazama kama kuna herufi ndogo: zenye H, za kiwanda cha Heaton cha Birmingham, ndizo zilizo nyingi. Kwenye picha zako naona H mbili, na ya tatu siwezi kuisoma. Ipige picha tena karibu na dirisha, bila mwanga wa simu. Ikiwa ni A niandikie, maana hiyo ni chache kuliko H. Hata hivyo ukingo wake umegongwa, na alama ya kugongwa ukingoni hushusha gredi hata sura ikiwa safi.

Shilingi tano ya 1973, ya miaka kumi ya uhuru, iweke. Ni nzuri, watu wanaitafuta, na yako inaonekana haikuzunguka sana. Lakini bei yake bado haibebi gharama ya safari ya ng'ambo. Shilingi 40 ya Kibaki, ya miaka arobaini ya uhuru mwaka 2003, kila nyumba Nairobi inayo moja kwenye droo.

Sasa rupia ya Wajerumani. Pole sana. Ule weusi haukuwa uchafu. Fedha hukutana na salfa ya hewani, taratibu huvaa rangi ya kijivu, ya samawati, mwisho nyeusi, na wakusanyaji huipenda rangi hiyo kwa sababu inaonyesha sarafu haijachezewa. Dawa ya kung'arisha huiondoa rangi pamoja na ngozi nyembamba ya juu ya sarafu, na kuacha mistari midogo midogo inayoonekana kwa lenzi ukiinamisha sarafu chini ya taa. Wapimaji huiona mara moja. NGC na PCGS wakiipata sarafu ya hivyo hawatoi namba. Huandika kwenye lebo neno "Details" na sababu, kwamba imesafishwa. Maana yake ni halisi, lakini imeharibiwa. Bei hushuka sana, na ada umelipa ileile. Hiyo rupia usiipime. Mweleze Mjerumani ukweli kwamba ilisuguliwa, mtumie picha, na akiitaka kwa bei ya chini muuzie bila kasha. Akikataa, ibaki. Ikiwekwa kwenye karatasi miaka mingi itaanza kuvaa rangi tena, lakini mistari ile haiondoki.

Kwa hiyo mjomba asiguse nyingine. Si kwa dawa ya sonara, si kwa ndimu na majivu, si kwa dawa ya meno, si kwa kitambaa cha miwani. Hata kuzishika, azishike kwa ukingo. Zitoe kwenye kopo uziweke kila moja kwenye kijifuko chake cha karatasi ngumu au plastiki isiyo ya PVC. Zile bahasha laini za plastiki zinazonuka zinapotoka dukani huacha utando wa kijani juu ya sarafu, na wapimaji huuhesabu kuwa dosari.

Imebaki ya 1888, na hii ndiyo yenye maneno.

Kampuni ya Imperial British East Africa ilipata hati yake ya kifalme mwaka ule ule wa 1888, ikaagiza rupia zake Birmingham kwa ajili ya Mombasa. Haikudumu. Ilishindwa na gharama, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua nchi na kutangaza himaya yake. Rupia hii basi ni sarafu ya kampuni iliyotawala nchi kwa miaka saba, na watu wa India, Uingereza, Ujerumani na hapa kwetu wanaitaka. Iliyotumika kwa kawaida huuzwa makumi ya dola hadi mia moja na ushei. Iliyobaki na mng'ao wake wa kiwandani hupanda mamia. Yako, kwa picha, iko kati: imetumika, lakini haijasuguliwa, na herufi zote zinasomeka. Haifiki milioni. Haifiki hata robo yake.

Kwanza hakikisha ni halisi, na hilo unaweza kulianza hapa hapa. Fedha haishikwi na sumaku. Rupia hii inatakiwa kuwa na uzito wa gramu 11.66, ikiwa imechakaa inapungua kidogo tu. Nenda kwa sonara mwingine mwenye mizani ndogo, mlipe apime uzito tu, na simama palepale hadi akurudishie mkononi.

Halafu sheria. Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kitu cha kale hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Rupia iliyoagizwa 1888 kwa ajili ya Mombasa, na ikapatikana kwenye kopo la mtu wa Reli Nairobi, ni vigumu kudai haihusiki. Kuitia kwenye bahasha na kuituma Florida, hata kwa nia ya kupimwa na kurudi, ni kuitoa nchini. Uuzaji kwa Mjerumani ni hivyo hivyo. Sijaona mtu hata mmoja kati ya hawa wauza vyeti wa mjini akimwambia mteja jambo hili, na linanikera.

Kwa hiyo safari yako ya kwanza si posta, ni Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill. Nenda na picha zilizochapishwa, uzito, na maelezo ya jinsi babu alivyoipata kama mama anayakumbuka. Omba kuelezwa utaratibu wa kibali cha kuitoa nje, na uandikiwe jibu. Sarafu yenyewe iache nyumbani siku hiyo. Ile ya Wajerumani ya 1906 na zote zilizobaki ni za baada ya 1895, hazina shida hii.

Ukipata kibali, ndipo ufanye hesabu. Kupeleka moja kwa moja kunahitaji uanachama wa kulipia, au upitie kwa muuzaji aliyeidhinishwa na kampuni au ofisi yao ya Ulaya. Ada hupangwa kwa thamani ya sarafu na kwa haraka unayotaka. Juu yake kuna malipo ya fomu, bima na usafiri wa kurudi. Kampuni nyingi za vifurushi hazibebi sarafu, au hubeba bila kuzikatia bima, kwa hiyo uliza kabla hujafunga. Na tunza nakala ya kila karatasi ya kutoka, ili ikirudi uwanja wa ndege wa JKIA watu wa forodha wasikutoze kana kwamba umenunua ng'ambo. Ukijumlisha yote kwa sarafu moja peke yake, usishangae ikifika shilingi 15,000 au zaidi. Kwa rupia inayoweza kuuzwa kwa kiasi kisichozidi hicho sana, faida ni nyembamba.

Ndiyo maana ningejaribu njia mbili nyingine kabla. Ya kwanza, mwambie Mjerumani: wewe ndiye unayetaka kasha, basi gharama ya kupima iwe juu yako, nami nakuhakikishia kwa maandishi kwamba sarafu haitauzwa kwa mwingine mpaka gredi itoke. Mnunuzi wa kweli hukubali, au hukubali nusu. Asiyekubali lolote na anataka uitume kwanza ndipo alipe, muage.

Ya pili ni mnada wa London. Nyumba kama Spink, iliyoanza 1666, na Noonans, huuza sarafu nyingi bila makasha kabisa, kwa sababu mtaalamu wao anaiandika hali yake kwenye katalogi na wanunuzi wa huko wamezoea hivyo. Wakiona inafaa kupimwa, watakuambia. Watakata kamisheni yao, na kwa sarafu moja ya bei hii wanaweza kukataa, lakini barua pepe yenye picha nzuri hulipi kitu kuituma. Kibali kinahitajika hata hapo.

Kuhusu mjomba. Usimwambie amekosea, atakasirika na kwenda kwa wadhamini usiku huo huo. Mpe kazi. Mwambie aende na wewe kupima uzito wa rupia, kisha mkae naye kwenye simu, mfungue daftari la NGC, mtafute senti 10 ya 1936, mwone ngapi zimepimwa. Halafu mtafute bei zilizouzwa kweli kwenye minada, si bei zinazoombwa. Mtu yeyote anaweza kuomba milioni. Mkifika kwenye zile tano za Edward atatulia mwenyewe. Na kwa kuwa kopo lilikuwa la mama kabla halijawa lako, chochote kitakachouzwa kiandikwe kwenye daftari na mama aone, hata kama ni rupia moja.

Piga picha upya ukingo wa ile ya 1888, na herufi ya ile florini ya tatu. Pande mbili ulizonitumia zimenitosha kwa zilizobaki, lakini kwa ile ya 1888 ukingo ndio utakaoamua, na kwa florini ni herufi.